Alama isiyofutika: historia ya ahadi iliyotolewa kwa wapiga picha

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana, lakini juzi nilipata barua pepe iliyonirudisha miaka mingi nyuma. Dada mmoja anayejipatia riziki kwa kupiga picha za harusi na za wanyamapori aliniuliza: "Kaka, ni programu gani naweza kutumia kuweka alama kwenye picha zangu, ambayo mwizi hawezi kuitoa?" Nikaanza kumjibu kwa sentensi mbili. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mwishowe nikaona kwamba jibu la kweli ni hadithi ndefu kidogo, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, ingawa mlango wangu ni ule wa nyuma.

Mwaka 2006 nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali, ya megapikseli tatu. Asubuhi moja pale Dunga, kando ya Ziwa Victoria, niliwapiga picha wavuvi wakivuta mashua nchi kavu, jua likichomoza nyuma yao. Ilitoka nzuri kuliko uwezo wangu. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu mtandaoni. Siku zile nilikuwa nimesoma mahali kuhusu alama za maji za kidijitali, na kwa ujana wangu nikaandika programu ya Java, kazi ya jioni mbili tu, iliyoficha jina langu na tarehe ndani ya pikseli za picha. Jicho halikuona kitu. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Mwishoni mwa 2007 niliingia katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu kununua misumari. Ukutani kulikuwa na kalenda ya 2008, na juu ya kalenda walikuwa wavuvi wangu. Nikamwambia mwenye duka, mzee mpole, kwamba picha ile ni yangu. Akacheka. "Kijana, una risiti?" Nikamwambia picha haina risiti, lakini ndani yake nimeficha jina langu na naweza kulionyesha kwa tarakilishi. Akanitazama kama mtu anayeuziwa dawa ya mapenzi. Hata hivyo alinipa nakala moja ya kalenda bure, kwa huruma nadhani. Nikaipeleka saiba, nikaipitisha kwenye skana, nikaiingiza kwenye programu yangu. Zikatoka herufi za ovyo. Nikajaribu hata faili niliyoipakua upya kutoka kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Ovyo vile vile.

Kosa langu lilikuwa la wengi walionitangulia, kwa hiyo hebu tuanze mwanzo.

Alama ya maji ya kwanza haikuwa na umeme. Karibu mwaka 1282, mafundi wa karatasi wa Fabriano, Italia, walianza kushonea waya mwembamba wenye umbo fulani juu ya chekeche lao la kuchotea uji wa karatasi. Pale waya ulipokaa, karatasi ilitoka nyembamba kidogo. Ukiinua karatasi kuelekea dirishani, umbo linaonekana. Ukiilaza mezani, linapotea.

Nguvu ya alama hiyo ilionekana vizuri Ufaransa mwaka 1887. Nchi ilitikiswa na kashfa ya kuuza nishani za serikali. Katika uchunguzi zililetwa barua mbili kama ushahidi, na alama ya maji kwenye karatasi ikaonyesha kwamba karatasi yenyewe ilitengenezwa baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Yaani barua ziliandikwa baadaye na kupewa tarehe ya zamani. Kashfa ikamfikia Daniel Wilson, mkwe wa rais, na mwezi wa Desemba Rais Jules Grévy akajiuzulu. Naomba mkumbuke jambo moja hapa, maana nitalirudia: alama ile ilikuwa na nguvu kwa sababu mtu yeyote mwenye dirisha angeweza kuiona, na aliyeitengeneza hakuwa mmoja wa wagomvi.

Kutoka karatasi tunaruka hadi kwenye muziki. Mwaka 1954 Emil Hembrooke wa kampuni ya Muzak, wale wa muziki laini wa maduka na lifti, aliomba hataza ya njia ya kutia kitambulisho ndani ya sauti. Alikata kipande chembamba cha masafa karibu na hezi 1000, akikiwasha na kukizima kwa mpangilio wa Morse. Msikilizaji hasikii, mashine inasikia. Alipata hataza hiyo mwaka 1961, na ndani yake mwenyewe aliifananisha kazi yake na alama ya maji ya karatasi. Wazo basi ni la zamani kuliko wengi wetu tuliodhani tumeligundua kwenye saiba.

Picha za kidijitali zilifuata miaka ya tisini. Mwaka 1993 Andrew Tirkel na wenzake wa Australia walichapisha kazi kuhusu alama ya maji ya kielektroniki, na mwaka 1994 yeye, Ron van Schyndel na Charles Osborne wakaiendeleza kwenye mkutano uliofanyika Austin, Texas. Njia yao ilitumia biti ya mwisho ya kila pikseli. Tuseme pikseli moja ya picha isiyo na rangi ina thamani 200, kati ya 0 na 255. Kwa biti nane hiyo ni 11001000. Geuza ile sifuri ya mwisho iwe moja, unapata 201. Hakuna jicho la binadamu linalotofautisha 200 na 201. Kwa hiyo biti ya mwisho ya kila pikseli ni ukuta mtupu, unaweza kuandika chochote.

Hiyo ndiyo programu niliyoiandika mimi, zaidi ya miaka kumi baada yao, nikidhani ni siri. Tatizo lake ni JPEG. Kiwango cha JPEG kilitoka mwaka 1992, na kazi yake yote ni kutafuta yale ambayo jicho halioni na kuyatupa ili faili liwe dogo. Mimi nilichagua mahali ambapo jicho halioni. Ni kama kuficha hati ya shamba kwenye pipa la taka usiku wa kuamkia siku ya gari la kanjo. Na sikuhitaji hata mwizi: ukurasa wangu wenyewe ulikuwa ukiibana upya kila picha niliyoipakia. Jina langu lilikufa kabla mtu yeyote hajaiona ile picha.

Sasa nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo palipo utamu wa habari yenyewe.

Mwaka 1995 watafiti wanne waliandika ripoti katika taasisi ya utafiti ya NEC, Princeton, Marekani: Ingemar Cox, Joe Kilian, Tom Leighton na Talal Shamoon. Ilichapishwa rasmi mwaka 1997 katika jarida la IEEE la uchakataji wa picha. Kama jina la Leighton si geni kwenu, ndiye aliyeshiriki kuanzisha Akamai mwaka 1998. Walichosema kilikuwa kinyume cha kila kitu nilichokuwa nimekifanya. Usiifiche alama kwenye sehemu za picha zisizo na maana. Iweke kwenye sehemu zenye maana zaidi, zile ambazo picha haiwezi kuishi bila hizo. Mwizi akitaka kuitoa alama, itambidi aiharibu picha anayoitaka.

Lakini ukigusa sehemu muhimu si utaonekana? Hapo wakaazima mbinu ya redio za kijeshi: sambaza ujumbe wako kwenye masafa mengi kiasi kwamba katika kila moja unakuwa mnong'ono tu. Mbinu hizo zina historia yake ya kufurahisha, maana mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza ya kurukaruka masafa mwaka 1942. Turudi kwenye picha.

Unachukua picha nzima, unaipitisha kwenye hesabu iitwayo DCT, inayoivunja picha kuwa mawimbi ya kosaini, marefu na mafupi. Mawimbi marefu yanabeba maumbo makubwa: mashua, anga, mgongo wa mvuvi. Mafupi yanabeba vijipambo vidogo vidogo. Unachagua mawimbi 1000 yenye nguvu zaidi, isipokuwa lile moja la wastani wa mwanga wa picha nzima. Kisha unatengeneza namba 1000 za bahati nasibu, zenye wastani wa sifuri. Hizo ndizo alama yako, ndizo ufunguo wako, zifungie kabatini. Kila wimbi unalizidisha kwa moja na kitu kidogo, ukubwa wa badiliko ukiwa kama sehemu ya kumi ya namba yako ya siri. Unaligeuza kurudi kuwa picha. Ukiangalia, ni picha ile ile.

Kuitafuta alama ni kazi ya upande wa pili. Chukua picha inayoshukiwa, iondolee picha yako ya asili, tazama kilichobaki katika yale mawimbi 1000, ukilinganishe na namba zako. Hesabu inakupa alama moja ya jumla. Kama picha haihusiani nawe, jibu linazunguka karibu na sifuri, mara nyingi kati ya hasi mbili na mbili. Kama alama ni yako na haijaguswa, jibu ni karibu 32, ambayo ni kipeuo cha pili cha 1000. Ukipata 6 tu, bahati nasibu karibu haiwezi kukupa hiyo. Mnaona uzuri wake? Alama inaweza kupigwa, kukatwakatwa, kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na bado ikasimama mahakamani, angalau mahakama ya hesabu.

Nao waliipiga kweli. Waliibana kwa JPEG ya ubora wa asilimia 5, ambayo ni picha mbaya hata kwa macho ya mtu mkarimu. Waliipunguza ukubwa. Waliikata kingo wakabakisha kipande cha katikati. Waliichapa, wakaitoa fotokopi, wakaiskani. Wakachanganya nakala tano zenye alama tano tofauti. Alama ilibaki. Nilipoisoma ripoti hiyo mwaka 2008 niliweka kikombe cha chai chini.

Na hapa niweke pembeni kichekesho kimoja. Majaribio mengi ya nyanja hii, miaka nenda miaka rudi, yalifanywa kwa picha moja ya mwanamke mwenye kofia, iitwayo Lena. Picha hiyo ilikatwa kutoka kwenye jarida la Playboy la Novemba 1972, ikaingizwa kwenye tarakilishi mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Southern California, bila ruhusa ya mwenye haki. Yaani dawa ya kulinda hakimiliki ilijaribiwa juu ya picha ambayo hakuna aliyeomba ruhusa ya kuitumia. Jumuiya ya Kompyuta ya IEEE iliacha kupokea makala zenye picha hiyo mwezi Aprili 2024.

Biashara haikungoja. Mwaka 1996 Photoshop 4 ilitoka ikiwa na zana ya kampuni ya Digimarc, ya Oregon, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia. Mpiga picha alilipa, akapewa namba, akabonyeza mara mbili tatu, na picha ikabeba namba yake isiyoonekana. Kampuni hiyo ilikuwa pia na programu ya kuzunguka mtandaoni ikitafuta picha zenye alama. Mwaka huo huo, Desemba, mjini Geneva, mataifa yalikubaliana mkataba wa WIPO wa hakimiliki, na kifungu chake cha 12 kinazitaka nchi kuwazuia watu kuondoa taarifa za kielektroniki zinazomtambulisha mwenye haki. Teknolojia ipo, soko lipo, sheria inakuja. Kama ungeniuliza wakati huo ningekuambia kazi imekwisha.

Kisha wakaja Cambridge.

Fabien Petitcolas, Ross Anderson na Markus Kuhn walikuwa na swali la watu wa usalama: mmeijaribu kwa yale mnayoyatarajia, je, kwa yale msiyoyatarajia? Mwishoni mwa 1997 Petitcolas alitoa programu iitwayo StirMark. Inafanya kama mtu aliyeichapa picha kisha akaiskani ovyo kidogo: inaivuta hapa kidogo, inaipinda pale kidogo, inaizungusha chini ya digrii moja, kila sehemu kwa kiasi chake. Ukiziweka picha mbili kando kwa kando, huoni tofauti. Lakini msomaji wa alama anachanganyikiwa kabisa. Chukua kadibodi yenye matundu, iweke juu ya barua, na kupitia matundu usome ujumbe wa siri. Sasa sogeza barua nusu sentimita. Herufi zote bado zipo, hakuna iliyofutwa, ila matundu yanaonyesha herufi nyingine. Alama sugu za wakati huo zilikuwa sugu dhidi ya kufutwa. Hazikuwa sugu dhidi ya kusogezwa.

Katika makala yao ya 1998 walionyesha mambo mengine mawili ambayo mimi kama mjenzi wa tovuti yaliniuma na kunichekesha. La kwanza waliliita mozaiki. Kata picha vipande vidogo, vidogo kiasi kwamba hakuna kimoja kinachotosha kubeba alama inayosomeka, kisha vipange kwenye jedwali la HTML bila nafasi kati yao. Kivinjari kinavionyesha kama picha moja. Programu inayozunguka mtandaoni inakutana na vipande tu, haioni alama, inapita. Sisi tuliojenga tovuti miaka ile tulikuwa tukikata picha hivyo kila siku, eti zipakuliwe haraka kwenye simu za waya. La pili lilihusu zana ya kibiashara: watu walikuwa wameshavunja ukaguzi wa nywila ndani ya programu, na nywila yenyewe ilikuwa ya tarakimu mbili tu. Hesabu nzuri ndani, komeo la kuku mlangoni.

Hata hivyo pigo lililonifanya nimkumbuke mzee wa misumari halikutoka Cambridge. Lilitoka kwa Scott Craver, Nasir Memon, Boon-Lock Yeo na Minerva Yeung, katika kazi iliyoanza kama ripoti ya IBM mwaka 1996. Wao hawakujaribu kuitoa alama hata kidogo. Walisema: tukubali kwamba alama haitoki kamwe. Je, inathibitisha nini?

Fuateni kwa makini. Mimi nina picha ya asili, naiita A. Naongeza alama yangu M, natoa hadharani A+M. Mwizi anaichukua A+M. Hatoi kitu. Anatengeneza namba zake za bahati nasibu, naziita W, anaziondoa kwenye picha yangu, anapata A+M-W. Anaifungia kabatini na kusema: hii ndiyo picha yangu ya asili, na alama yangu ni W. Twende mbele ya hakimu. Picha ya hadharani, ukiiondolea asili yangu, ina M: ni yangu. Ukiiondolea "asili" yake, ina W: ni yake. Nasema, lakini hata hiyo "asili" yake ina M yangu ndani! Kweli. Naye anasema, chukueni asili ya huyu bwana, muiondolee yangu, tazameni, ina W! Kweli pia, hesabu inakubali: A kutoa (A+M-W) ni W-M, na W imo. Wagomvi wawili, ushahidi ule ule, pande zote mbili. Kadiri alama inavyokuwa sugu ndivyo mgogoro unavyokuwa mgumu.

Dawa ilipendekezwa na wao wenyewe: alama itengenezwe kutokana na picha ya asili kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, ili mtu asiweze kuanzia na alama na kuibuni picha. Hiyo inasaidia. Lakini bado unahitaji mtu wa tatu anayesema ni nani aliyeleta nini, na siku gani. Ule ufunguo wangu wa namba 1000 niko nao mimi. Programu ya kuusoma nimeiandika mimi. Karatasi ya Fabriano ilihitaji dirisha tu, hii yangu inahitaji uniamini kwanza. Mzee wa duka hakusoma Craver, lakini aliponiuliza risiti alikuwa amefika pale pale.

Labda mnadhani nasema alama sugu hazijawahi kufanya kazi. Zimefanya, mahali ambapo swali lilikuwa jingine. Mapema 2004 nakala za filamu zilizotumwa kwa wapiga kura wa tuzo za Oscar zilivuja mtandaoni. Kila nakala ilikuwa na alama yake isiyoonekana, na alama ikaelekeza kwa mwigizaji Carmine Caridi, ambaye Akademia ilimfukuza uanachama mwezi Februari mwaka huo. Hapo hakuna aliyekuwa akibishana filamu ni ya nani. Swali lilikuwa: nakala hii ni ile tuliyompa nani? Na orodha ya waliopewa ilikuwepo, imeandikwa kabla ya kosa.

Sehemu ya sheria nitaipita haraka, lakini ni lazima niiguse kwa sababu inatuhusu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, iliyoanza kutumika 2003, inasema kwamba kuondoa au kubadilisha taarifa za kielektroniki za usimamizi wa haki ni kuvunja hakimiliki. Marekebisho ya 2019 yakaleta notisi za kutaka kazi iliyoibwa iondolewe mtandaoni. Na hakimiliki ya picha unaipata unapoiumba, huhitaji kuisajili, ingawa ukiisajili KECOBO una karatasi ya kumwonyesha mtu. Karatasi! Nilicheka nilipofika hapo.

Sheria ya namna hii ina makali pande mbili. Septemba 2000 muungano wa kampuni za muziki uitwao SDMI uliwaalika watu wote wajaribu kuvunja alama zake za sauti. Kikundi cha Edward Felten wa Princeton, Craver yule yule akiwemo, kikasema kimezishinda. Walipotaka kusoma makala yao Aprili 2001, chama cha kampuni za kurekodi kikawaandikia barua kuwakumbusha sheria ya Marekani ya DMCA. Wakaiondoa makala. Baada ya kwenda mahakamani waliisoma hatimaye mwezi Agosti. Kwa miezi kadhaa, kusema kwamba kufuli ni bovu kulikaribia kuwa kosa.

Sasa tuje siku hizi, maana dada yangu mpiga picha anaishi sasa. Mwaka 2022 ilitoka Stable Diffusion, programu ya kuchora picha kutokana na maneno. Ilikuja na alama ya maji isiyoonekana kwa ajili ya picha zinazotengenezwa. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa wote, na alama ilitolewa kwa kufuta mstari mmoja. Agosti 2023 Google DeepMind wakatoa SynthID, ambayo alama yake inatiwa na kusomwa na mitandao ya neva iliyofunzwa ivumilie kubanwa, kukatwa na kubadilishwa rangi. Hii ni kazi nzuri, siidharau. Upande wa pili, mwaka huo huo 2023 Getty Images iliishtaki Stability AI, na baadhi ya ushahidi ulikuwa picha zilizochorwa na mashine zikiwa na alama ya Getty iliyopindapinda, kama mtoto anayenakili sahihi ya baba yake. Hukumu ya London ya Novemba 2025 ilikataa sehemu kubwa ya madai ya Getty, ikakubali kwa kiasi kidogo tu yale ya nembo.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Mwaka 2023 watafiti walionyesha, kwa ushahidi wa kihesabu, kwamba alama zisizoonekana zinaweza kuondolewa hivi: ichafue picha kwa kelele hadi alama ife, kisha mpe mashine ya kuchora airudishe. Kumbukeni ahadi ya Cox na wenzake: ukiitoa alama, utaiharibu picha. Ahadi hiyo ilikuwa kweli kwa sababu picha iliyoharibika ilibaki imeharibika. Mashine iliyokwisha kuona mamilioni ya mashua, mamilioni ya mawio ya jua na mamilioni ya migongo ya wavuvi inaweza kuijaza upya picha iliyochafuliwa, kwa kukumbuka mashua huwaje. Inayorudi si picha yangu pikseli kwa pikseli. Ni inayofanana nayo kiasi cha kutosha kuwekwa kwenye kalenda.

Baada ya kuisoma ripoti ya NEC mwaka ule wa 2008, niliandika toleo la pili la programu yangu. Nikaitia alama picha ya Dunga, nikaichapa, nikaitoa fotokopi saiba, nikaiskani, nikainyoosha kwa mkono nikiwa na picha ya asili pembeni. Hesabu ikavuka 6, si kwa mbali. Nilishangilia peke yangu usiku wa manane. Asubuhi nikataka kwenda dukani kwa yule mzee nimwonyeshe, kisha nikamsikia kichwani: "Na hii programu, kijana, nani ameiandika?"

Basi jibu nililomtumia dada lilikuwa fupi baada ya yote hayo. Usimwonyeshe mtu faili ghafi la kamera, litunze mahali pawili. Toa hadharani nakala ndogo. Zile kazi zinazokulisha zisajili kabla ya kuzitoa. Alama isiyoonekana itie kama unataka, hasa ukimtumia kila mteja nakala yenye alama tofauti na ukaandika orodha, ili ikivuja ujue imetokea wapi. Nikamsimulia na habari ya kalenda.

Alijibu baada ya saa moja. "Kaka, na faili la awali la hiyo picha ya Dunga, bado unalo?" Ninalo, liko kwenye CD mbili za mwaka 2006. Nilizitafuta jana. Moja inasomeka. Nyingine tarakilishi inaizungusha, inaizungusha, kisha inaitema.